Dawa ya Mzinga Haiuzwi Dukani

Kila mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, maduka ya pembejeo yaliyo kandokando ya Soko la Kariakoo hupata mteja wa namna moja. Ni mtumishi wa ofisi, au mwalimu, mwenye kipande cha shamba Kisarawe, Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo, ambaye ametundika mizinga mitano au kumi kwa nia njema ya kujiongezea kipato na kujiandaa kwa siku za kustaafu. Shida yake ni kwamba wadudu wameingia mzingani, au nyuki wamehama bila kuaga. Anaulizia dawa. Muuzaji, ambaye hana mzinga wala hajapata kuyaona masega ila yaliyomo ndooni, humpa unga wa kuulia sisimizi, au dawa ya kunyunyizia mboga, au vile vidonge vyeupe vya naftalini ambavyo watu huviweka kabatini na chooni. Mteja hulipa, hushukuru, huenda zake. Jumamosi inayofuata sumu imekwisha kuingia mzingani.

Hapana budi jambo hili lisemwe waziwazi, maana wanaolifanya si watu wajinga. Ni watu waliosoma, na huenda kusoma kwenyewe ndiko kulikowazoesha kudhani kwamba kila ugonjwa una chupa yake. Lakini nyuki ni mdudu. Sumu iliyotengenezwa kuua mdudu haiwezi kuambiwa imwache huyu imshike yule. Tena kuna la pili, ambalo wengi hawalijui: nta ni mafuta, na sumu nyingi za wadudu huyeyuka katika mafuta. Ikiisha kuingia ndani ya nta hukaa humo miaka, ikipenya kidogokidogo katika asali na katika chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki. Nchi zinazonunua asali hupima mabaki ya sumu kabla ya kuipokea, na mzigo ukikutwa na dosari hurudishwa. Mnunuzi wa Kariakoo hana maabara. Yeye hununua chupa yake na kumpa mtoto mwenye kikohozi kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Yafaa basi kuuliza adui wa nyuki ni nani hasa, na nyuki mwenyewe humkabili vipi.

Katika ukanda huu wa mwambao, adui anayeonekana zaidi ni nondo wa nta. Nondo huyu huingia usiku na kutaga mayai katika nyufa za mzinga au pembezoni mwa masega. Viwavi wanaoanguliwa huchimba njia ndani ya masega, huku wakisokota nyuzi kama za buibui, na baada ya wiki chache mzinga huwa mfuko wa vumbi na utando. Mwenye mzinga akifungua na kuyaona hayo husema kwamba nondo wamewafukuza nyuki wake. Aghalabu kauli hiyo imegeuza mambo. Kundi lenye nguvu huzunguka masega yake mchana na usiku, likimtoa nje kila kiwavi linayemkuta. Nondo hustawi pale ambapo kundi limekwisha kudhoofika na kubakiwa na masega mengi kuliko nyuki wa kuyalinda. Viwavi hao, kadhalika, hawashibi kwa nta safi pekee. Wanachokitafuta ni masega makuukuu, yale meusi yaliyolelea majana mara nyingi, maana ndani yake mna mabaki ya ngozi za majana na chavua. Ndiyo sababu mfugaji mwenye akili huyaondoa masega meusi kidogokidogo kila anaporina, huyayeyusha siku hiyohiyo kuwa nta ya kuuza, na hukwangua sakafu ya mzinga. Akitaka kuyahifadhi masega matupu, huyatundika mahali penye mwanga na upepo, kwani nondo hupenda giza na joto lililofungiwa. Kazi hii yote hufanyika kwa kisu, ndoo na saa mbili za asubuhi.

Wa pili ni mbawakawa mdogo wa mizinga, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea. Huyu ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, na historia yake ina funzo. Mwaka 1998 aligunduliwa Florida, Marekani, na mwaka 2002 Australia, na kote huko aliharibu maelfu ya mizinga, asali ikachacha na kutiririka kama uji uliooza kutokana na funza wake. Hapa kwetu yumo karibu katika kila mzinga na watu wengi hawajui hata kuwa yupo. Sababu ni kwamba nyuki wa Afrika wameishi naye tangu kale. Humkimbiza hadi kwenye pembe, humzungushia gundi yao kama ukuta wa gereza, kisha huweka walinzi mlangoni. Mgeni asiyemjua mbawakawa huyu ameangamizwa, na mwenyeji amejifunza kumfunga. Mtu anayemwaga unga wa sumu katika mzinga kama huo humuua mlinzi pamoja na mfungwa.

Siafu, sisimizi na maji moto ni suala jingine. Hawa huja kutoka nje, na nyuki hana silaha ya kutosha dhidi ya msafara wa siafu. Kundi zima huweza kumalizwa usiku mmoja au kulazimika kukimbia. Lakini hata hapa kinga ni ya mikono. Mzinga hutundikwa kwa waya kati ya miti au nguzo mbili, waya hupakwa grisi au oili chafu ya gari, na grisi hiyo hurudiwa ikikauka au ikijaa vumbi. Mzinga ulio juu ya meza, miguu ya meza husimamishwa ndani ya makopo yenye oili. Majani hufyekwa, na tawi lolote linalogusa mzinga hukatwa, kwa sababu tawi moja ni daraja. Waya huohuo humzuia nyegere, ambaye akifika kwenye mzinga uliolala chini hauachi na kitu.

Kuhusu maji moto inafaa kusitasita kidogo. Wakulima wa minazi, michungwa na mikorosho wa mwambao wanawahitaji. Wao ndio huwawinda wadudu wanaofyonza utomvu wa nazi changa na mikorosho, na tangu miaka ya 1950 wataalamu wa kilimo waliofanya kazi Zanzibar na pwani ya bara wameandika juu ya faida yao. Mwenye shamba la minazi na mizinga kwa pamoja akiwanyunyizia sumu maji moto ili kuwaokoa nyuki, atakuwa ameokoa asali na kupoteza nazi. Grisi kwenye waya huwaacha wote wawili wakiishi shamba moja bila kukutana.

Yupo adui wa nne, mpya, na ndiye anayetia hofu ulimwenguni: utitiri aitwaye varoa. Asili yake ni Asia, alikokuwa akiishi kwa nyuki wa huko, kisha akahamia kwa nyuki wa asali wa dunia nzima kwa njia ya biashara ya makundi na malkia. Huingia katika vijumba vya majana na kufyonza miili yao, huku akieneza virusi. Mwaka 2009 watafiti walimkuta Kenya na Tanzania. Huko Ulaya na Marekani wafugaji humpiga kwa dawa zinazotundikwa mzingani kila mwaka. Utitiri umezizoea baadhi ya dawa hizo, na dawa mpya hutafutwa, na gharama hupanda. Afrika Kusini, ambako aliingia mwaka 1997, makundi mengi yalikufa katika miaka ya kwanza, lakini nyuki wa huko wengi wao hawakutiwa dawa, na baada ya muda wakapata ustahimilivu wao wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Kenya nao ulionyesha makundi yenye utitiri yakiendelea kuishi bila tiba. Nyuki wa Afrika hugawanyika mara kwa mara, huhama, husafishana miili na hutupa nje majana yaliyougua. Tabia hizi ndizo zinazomkera mfugaji anayetaka nyuki watulie kama kuku, ilhali ndizo zinazowaokoa. Atakayeanza kuzitia dawa mizinga ya Tanzania kwa hofu ya varoa atawalea nyuki dhaifu ambao wangalichujwa, na atakuwa ameifunga nchi katika ununuzi usio na mwisho. Kadhalika, anayefikiri kuagiza malkia wa kigeni kwa sababu amesoma kwamba ni mpole, hajui anachokiingiza.

Inafaa ikumbukwe kwamba nyuki wa mwambao ni nyuki wa hapa hasa. Mtaalamu F. G. Smith, aliyeitumikia idara ya nyuki wakati wa Tanganyika, aliwatofautisha kisayansi mwaka 1961 na kuwapa jina la Kilatini lenye maana ya wa pwani, litorea. Wamezoea joto na unyevu huu, na mnazi unaochanua mwaka mzima huwapa chavua hata miezi ambayo maua mengine yamekwisha. Mikoko ya Msimbazi, miembe ya mabondeni na mabaki ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni ghala zao. Urithi huu haukununuliwa dukani.

Basi kama adui hawa wanaweza kukabiliwa na nyuki wenyewe, au kwa grisi na kisu, mbona mizinga ya mtumishi wa mjini hufa au huhamwa? Jibu si tamu. Adui mkubwa wa mzinga huo ni ratiba ya mwenye nao. Huutembelea mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili huenda kuchukua. Hurina masega yote, ya asali na ya majana, pengine kwa mwenge wa moto badala ya moshi, kwa kuwa kijana aliyemkodi hulipwa kwa ndoo na hana haja na nyuki wa kesho. Kundi likiachwa bila akiba, masika yakiingia na mvua ikizuia nyuki kuruka, hubaki hoi. Hapo nondo huingia, mbawakawa huzaliana, na siafu hunusa. Mwenye mzinga anaporudi huwakuta wadudu na kuwashitaki wao. Ni kama mtu aliyemnyima mtoto chakula mwezi mzima, kisha akalalamika kwamba malaria imekuwa kali.

Kundi linapaswa kuachiwa asali ya kutosha, na majana hayaguswi. Nyufa huzibwa. Mzinga mkubwa kupita kiasi kwa kundi dogo hupunguzwa nafasi. Mtu akikaa kando ya mlango wa mzinga kwa dakika kumi asubuhi na kuona nyuki wakiingia na chavua miguuni, ajue kuna majana yanayolishwa na malkia yumo kazini, wala hana haja ya kufungua. Akinusa harufu ya uchachu, au akiona nyuki wachache wakizunguka ovyo, hapo afungue. Uangalizi wa namna hii hata mwanafunzi wa darasa la sita huuweza, na walimu wa sayansi wenye mizinga kwenye mashamba ya shule nje ya jiji wangeliweza kuufanya somo la kila wiki, lenye daftari la tarehe na hesabu, badala ya kuuacha mzinga uwe pambo la kuonyeshea wageni.

Lakini si kila jambo huishia shambani. Katikati ya jiji lenyewe nyuki wapo. Huonekana Mnazi Mmoja, Upanga na kwenye bustani ya mimea karibu na bahari. Hufuata maua ya mwarobaini ulio kando ya barabara, na wakati wa kiangazi hujaa kwenye mashine za kukamua miwa na chupa za soda mitaa ya Kariakoo. Mara kwa mara kundi la safari hutua kwenye tawi au ukutani, nyuki maelfu wameshikana kama mkungu wa ndizi. Desturi mbaya iliyoenea ni kusubiri usiku na kuwamwagia petroli. Ni hatari kwa nyumba zilizobanana, tena ni upotevu. Kundi linalopumzika safarini halina masega ya kulinda, na aghalabu huwa limetulia. Likiachwa bila kutupiwa mawe huondoka baada ya saa chache au siku chache. Likiwa limejenga ndani ya dari au ukuta, hiyo ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au ya mfugaji mwenye vazi, moshi na sanduku, na kazi hiyo humpa kundi jipya la kupeleka shambani.

Wapo vijana waliosoma kwamba mizinga huwekwa juu ya paa la jumba la Opera mjini Paris, na kwamba London nako watu hufuga nyuki mapaani, wakauliza kwa nini isiwe hivyo Kariakoo. Haifai. Nyuki wa Ulaya amechaguliwa kwa upole karne nyingi. Nyuki wa hapa huilinda nyumba yake kwa ukali, na mtaa wa Kongo saa tano mchana si mahali pa kujaribu subira yake. Mizinga na ikae Kisarawe.

Linalohusu Kariakoo ni jingine, nalo halijatazamwa vya kutosha. Soko hili hupokea asali ya nchi nzima. Dumu la Tabora hukaa ubavuni mwa dumu la Katavi, la Singida na la Kigoma, pamoja na asali ya porini ya Pwani, nta iliyofungwa kwa viroba na masega mabichi kwenye ndoo. Asali hupimwa kwa kopo, humwagika kidogo, na dumu likiisha huachwa wazi likisubiri msafirishaji wa kurudi mkoani. Nyuki wa jiji hulikuta. Nyuki akiona asali ya bure huwaita wenzake, na ndani ya saa moja makundi kadha yasiyojuana yanakula chombo kimoja. Wachuuzi hulijua hili na hulichukulia kuwa kero ya kuumwa tu.

Ni zaidi ya kero. Kuna ugonjwa wa bakteria uozeshao majana, ambao mbegu zake huweza kukaa ndani ya asali na masega makuukuu zaidi ya miaka 40 zikiwa hai. Mwaka 2009 ulithibitishwa katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Haumdhuru mtu anayekula asali, na kwa hiyo hakuna mnunuzi anayelalamika. Kwa nyuki ni msiba, na katika nchi nyingi sheria huamuru mzinga ulioupata uchomwe moto na kufukiwa. Njia zake za kusafiri ni asali iliyotoka nchi nyingine, masega yaliyotumika, vyombo visivyooshwa, na nyuki waliokwenda kuiba. Mtu angelitaka kuujengea kituo cha kuusambaza nchini, asingepata mahali pazuri kuliko uwanja ambamo madumu ya mikoa yote hukaa wazi kisha kurudi mikoani yakiwa na mabaki.

Wala jambo hili si la kuiachia Wizara ya Maliasili na Utalii peke yake. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ipo, Chuo cha Nyuki kipo Tabora, na maafisa nyuki wapo wilayani, ingawa hawatoshi. Takwimu za Serikali zimekuwa zikisema kwa miaka mingi kwamba nchi ina uwezo wa kutoa tani 138,000 za asali kwa mwaka, na mavuno hayajafika hata nusu ya hapo. Katika mikutano ya kujadili pengo hilo husikika zaidi maombi ya mizinga mipya. Mzinga mpya uliotundikwa na kusahauliwa ni nyumba ya nondo, na zipo nyingi za aina hiyo, zilizonunuliwa kwa fedha za miradi.

Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na baada ya hapo Serikali ikatoa fedha za kulijenga upya. Shirika la Masoko ya Kariakoo na Halmashauri ya Jiji wanaweza kuanza na mambo ambayo hayahitaji mhandisi: wauza asali wawe na sehemu yao yenye bomba la maji na karo, dumu lisiondoke sokoni bila kuoshwa kwa maji moto na kufungwa, masega mabichi yauzwe ndani ya chombo chenye kifuniko, na masega makuukuu yasiuzwe kabisa ila yakiwa yamekwisha kuyeyushwa kuwa nta. Maduka ya pembejeo nayo, ambayo hukaguliwa kwa vibali vyao, yaelekezwe kumjibu mteja wa mizinga kwamba hapana dawa ya kumuuzia, na kumpa kopo la grisi. Afisa nyuki mmoja akikaa hapo siku mbili kwa wiki, kabla asali ya msimu ujao haijaanza kushushwa, angekutana na wafugaji wengi wa Mkoa wa Pwani kuliko atakaowapata kwa kuzunguka vijijini mwezi mzima, maana wao wenyewe humfuata hapo wakiwa na shida mkononi.